Vitamini D na Matibabu ya Ugumba: Jua Linaweza Nini?



Swali nililoitiwa ni hili: je, vitamini D humsaidia mwanamke anayetibiwa ugumba apate mtoto? Jibu langu nalitoa sasa hivi, ili mwenye kuwahi daladala asiondoke mikono mitupu. Wanawake wenye vitamini D ya kutosha mwilini, kwa wastani, hufanikiwa zaidi katika urutubishaji wa yai nje ya mwili, yaani IVF, kuliko wenye upungufu. Lakini katika jaribio kubwa ambamo wanawake wenye kiwango cha chini walipewa vitamini hiyo, hawakupata mimba nyingi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kauli zote mbili ni za kweli. Jioni hii nataka tuone zinavyokaa nyumba moja, kwa sababu anayekuuzia vidonge hukusomea ile ya kwanza tu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1650 daktari wa Uingereza aitwaye Francis Glisson alichapisha kitabu kizima juu ya matege ya watoto: miguu iliyopinda, mbavu zenye vifundo, fuvu laini. Miji ya Ulaya ilipojaa viwanda na moshi, ugonjwa huo ukaenea katika vichochoro visivyoona jua. Wasichana waliougua matege utotoni wakakua wakawa wanawake wenye nyonga zilizobanwa, na siku ya kujifungua mtoto hakuwa na njia ya kupita. Mwaka 1888 huko Glasgow, daktari Murdoch Cameron alianza kuwapasua wajawazito wa aina hiyo, na mama na mtoto wakatoka hai, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa adimu. Matege huletwa na ukosefu wa vitamini D, kwa hiyo uhusiano wa vitamini hiyo na uzazi ni wa zamani kuliko IVF, ila ulianzia mwisho wa safari, kwenye leba.

Mwaka 1919 yakaja majibu mawili kwa mpigo. London, Edward Mellanby aliwalea watoto wa mbwa ndani ya nyumba kwa chakula cha nafaka hadi wakapata matege, kisha akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wa binadamu kwa kuwamulika taa ya miale ya urujuanimno. Mafuta yanaponya, na mwanga nao unaponya! Watu walikuna vichwa. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Baltimore aliyapasha moto yale mafuta na kuyapitishia hewa mpaka vitamini A iliyomo ikaharibika, lakini yakaendelea kuponya matege. Basi kuna kitu kingine ndani yake, na kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kuchukuliwa, nacho kikapewa D.

Leo tunajua mwanga na mafuta vinakutana wapi. Ngozi ina kemikali ya jamii ya kolesteroli ambayo hugeuzwa na miale ya jua kuwa vitamini D. Damu huipeleka kwenye ini, ini huigeuza kuwa umbo tunalolipima maabara, kisha figo hulinoa umbo hilo liwe kali, lenye kuamrisha utumbo ufyonze kalisi. Kwa tabia yake hii ni homoni kuliko vitamini. Na homoni hufanya kazi palipo na kipokezi chake tu. Hapo ndipo wataalamu wa uzazi walipoinua masikio, kwa sababu vipokezi vya vitamini D vimeonekana kwenye ovari, kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba, kwenye kondo la nyuma, kwenye korodani, hata kwenye mbegu ya kiume yenyewe. Zaidi ya hapo, kondo na ukuta wa mji wa mimba wenye ujauzito vinaweza kuinoa vitamini hiyo vyenyewe bila kungoja figo. Mwili hauweki kiwanda mahali bure, walisema, na mimi nawaelewa.

Wakaendea panya. Mwaka 1980 Halloran na DeLuca huko Wisconsin walionyesha kwamba panya jike waliokosa vitamini D walishika mimba kwa shida, na walioshika walizaa watoto wachache. Habari hiyo imenukuliwa mara nyingi sana. Isiyonukuliwa sana ni ile iliyotoka maabara hiyohiyo ya DeLuca mwaka 2002: panya waliokosa vitamini D kabisa walipopewa chakula chenye kalisi na fosforasi nyingi, pamoja na sukari ya maziwa ya kusaidia ufyonzaji, uzazi wao ulirudi. Vitamini ilikuwa bado haipo, na watoto wakazaliwa. Ina maana sehemu kubwa ya dhara waliloliona mwaka 1980 ilikuwa njaa ya kalisi. Mnaona jinsi hadithi ilivyoanza kuponyoka mapema? Lakini utafiti wa pili haukuwa na mvuto wa ule wa kwanza, na waliokuwa wanasubiri habari njema wakaupita.

Sasa tuje kwa binadamu. IVF ni mahali pazuri pa kuchunguzia jambo hili, kwa sababu hatua za uzazi ambazo kwa kawaida zimefichika ndani huwekwa mezani. Mwanamke huchomwa sindano za kukuza mayai. Daktari huyavuta mayai kwa sindano pamoja na majimaji ya vifuko vyake. Maabara hurutubisha yai kwa mbegu. Kiinitete hukuzwa siku kadhaa, ndipo kinapandikizwa. Unaweza kupima majimaji ya kifuko. Unaweza kukihesabu kiinitete na kukipa alama. Unaweza hata kutenganisha yai na mji wa mimba, kama nitakavyoeleza.

Mwaka 2010 Ozkan na wenzake nchini Marekani walipima majimaji hayo kwa wanawake 84 waliokuwa katika IVF. Kiwango cha vitamini D kwenye majimaji kilifuatana na kile cha damuni, na waliopata mimba walikuwa na kiwango cha juu zaidi. Kila nanogramu moja ya ziada katika mililita iliongeza uwezekano wa mimba kwa asilimia 6. Gazeti lipi lingekataa kichwa cha habari kama hicho? Lakini mwaka huohuo watafiti wa Ugiriki walipima majimaji yaleyale wakakuta kinyume: palipo na vitamini D nyingi, kiinitete kilikuwa na ubora mdogo na mimba zilikuwa chache.

Mwaka 2012 Rudick na wenzake wa California walichunguza wanawake 188. Kwa Wamarekani weupe, vitamini D ya kutosha iliendana na mimba zaidi. Kwa wenye asili ya Asia ilikuwa kinyume kabisa. Binafsi huwa nasimama hapa kila ninapousoma utafiti huu. Dawa ya kweli haina kawaida ya kugeuza uso kwa kutazama babu yako alitoka wapi. Ikigeuka hivyo, dhana ya kwanza iwe kwamba kuna kitu kingine kilichojificha nyuma ya namba.

Hata hivyo kundi hilohilo la Rudick lilitoa mwaka 2014 utafiti ambao ndio uliowashawishi wengi. Waliwachukua wanawake waliopandikizwa viinitete vya mayai ya kupewa na wanawake wengine. Ujanja wake ni huu: yai limetoka kwa mtu mwingine, kwa hiyo vitamini D ya mpokeaji haina namna ya kuligusa. Ikionekana tofauti, itafutwe kwenye mji wa mimba. Na tofauti ilionekana: wenye vitamini D ya kutosha walipata mimba kwa asilimia 78, wenye upungufu asilimia 37. Ila walikuwa wanawake 99 tu. Mwaka uliofuata, kituo kimoja cha New Jersey kilichunguza wanawake waliopandikizwa viinitete vilivyokwisha kupimwa kromosomu na kuonekana salama. Humo vitamini D haikuonyesha uhusiano wowote na mafanikio.

Utafiti huu ukivuta huku na ule ukivuta kule, tafiti zote hukusanywa zikapimwa pamoja. Justin Chu na wenzake wa Birmingham walifanya hivyo mwaka 2018: tafiti 11, wanawake 2,700. Kwa wenye vitamini D ya kutosha, uwiano wa uwezekano wa kuzaa mtoto hai ulikuwa 1.33 ukilinganisha na wenye upungufu. Wa mimba kuonekana kwenye ultrasaundi ulikuwa 1.46. Hizo si namba za kupuuza. Mwanamke aliyekwisha kupoteza mizunguko miwili ya IVF, pengine na kiwanja cha familia kimeuzwa, akiambiwa kuna kidonge cha bei ndogo chenye namba kama hizo, atakinywa, na mimi ningekuwa yeye ningekinywa.

Lakini angalieni tafiti zote 11 zilifanya nini: zilitazama tu. Zilipima damu zikangoja. Jogoo huwika kisha kukapambazuka, wala hakuna anayedhani jogoo ndiye aliyelivuta jua. Nani huwa na vitamini D ndogo? Mtu mnene, kwa kuwa mafuta ya mwili huishikilia vitamini hiyo. Mwaka 2000 watafiti wa Boston waliwamulika watu wanene na wembamba kwa kipimo kilekile cha miale, na vitamini ya damuni ikapanda kwa wanene asilimia 57 pungufu ya wembamba. Na unene wenyewe hupunguza mafanikio ya IVF. Nani mwingine? Mtu asiyetembea nje, mwenye ugonjwa sugu, asiyekula vizuri. Hawa wote wana sababu nyingine za kukosa mimba. Vitamini D katika damu ni kama muhtasari wa maisha ya mtu, na ukibadilisha muhtasari hujabadilisha maisha.

Njia ya kutenganisha hayo ni moja. Unachukua wanawake wenye upungufu, unapiga kura, nusu wapewe vitamini na nusu wapewe kinachofanana nayo kisicho na dawa, na asijue mtu nani kapata kipi, si mgonjwa wala daktari. Kazi hiyo ilifanyika Milan, Italia, katika jaribio linaloitwa SUNDRO, lililoongozwa na Edgardo Somigliana na kuchapishwa mwaka 2021. Wanawake 630 waliokuwa wanajiandaa kwa IVF, wa miaka 18 hadi 39, wenye uzito wa kawaida, ambao vitamini D yao ilikuwa chini ya nanogramu 30. Kundi moja lilinywa dozi moja kubwa ya yuniti 600,000, wiki 2 hadi 12 kabla ya matibabu kuanza. Matokeo: waliokunywa vitamini walipata mimba asilimia 37. Waliokunywa kisicho na dawa, asilimia 40.

Narudia kwa ajili ya walioko nyuma: 37 kwa 40, na wenye 40 ni wale ambao hawakupewa kitu. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuwa ya bahati tu, kwa hiyo hatusemi vitamini ilidhuru. Tunasema haikusaidia.

Watetezi wa vitamini D wana hoja zao, na nyingine zina uzito. Kwanza, dozi moja kubwa si sawa na kidogo kidogo kila siku. Mwili hauzipokei vilevile. Hoja hii naikubali. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2010, wanawake wazee zaidi ya 2,200 waligawanywa, nusu wakapewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka ili wasivunjike mifupa. Wakaanguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wenzao. Pili, wanawake wa Milan hawakuwa na upungufu mkali. Ukimwongezea maji mtu asiye na kiu usitarajie akushukuru. Hoja hii nayo ni halali, na ndiyo maana sisemi mlango umefungwa kwa mwanamke mwenye kiwango cha chini kabisa. Tatu, wanene hawakuingizwa. Ni kweli. Lakini angalieni zamu imegeuka. Kabla ya mwaka 2021 mwenye shaka ndiye aliyeombwa ushahidi. Sasa anayetaka kuiuza vitamini D kama ufunguo wa IVF ndiye aje na jaribio lake.

Na kama mnadhani nina chuki na vitamini, nitaje moja iliyopita mtihani huohuo. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio la foliki asidi katika vituo 33 vya nchi 7, kwa wanawake waliokuwa wamewahi kubeba mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo. Foliki asidi ilizuia asilimia 72 ya kasoro hizo zisijirudie. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwani kuendelea kuwanyima wengine kungekuwa dhambi. Hivyo ndivyo vitamini inayofanya kazi inavyojionyesha. Mwanamke yeyote anayetafuta mimba, kwa IVF au kwa njia ya kawaida, ameze mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kabla ya mimba na katika wiki 12 za mwanzo. Nasikitika kuona wanaojua kiwango chao cha vitamini D kwa desimali, na foliki hawajaanza.

Tugeukie kwetu, maana hapa mambo yana ladha yake. Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Martine Luxwolda walikwenda Tanzania kupima damu za Wamaasai na Wahadzabe, watu wanaoishi nje kutwa nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wastani wa nanomoli 115 kwa lita, ambazo ni nanogramu 46 kwa mililita. Na wala si watu wanaojianika. Jua likiwa la utosi hutafuta kivuli kama mwenye akili yeyote. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kilekile, lakini maisha ya nje yanatosha na kusaza.

Wengi wetu humu ukumbini si wachungaji wala wawindaji. Mwaka 2020 Reagan Mogire na wenzake, wakifanya kazi kutoka Kilifi, walikusanya tafiti za nchi 23 za Afrika zenye watu zaidi ya 21,000. Chini ya nanomoli 50 walikuwa asilimia 34. Wa mjini walikuwa na kiwango kidogo kuliko wa shamba, wanawake kuliko wanaume. Tunatoka nyumbani alfajiri, tunaingia garini, tunakaa ofisini chini ya taa, tunarudi jua limezama. Kioo cha dirisha hupitisha joto na mwanga lakini huzuia miale inayotengeneza vitamini D, kwa hiyo kukaa karibu na dirisha hakusaidii. Mama anayevaa buibui Mombasa au Unguja, na jamaa zake walioko Maskati ambako joto huwafungia watu ndani na viyoyozi, wana sababu ya kuwa na upungufu. Nchi za Ghuba, pamoja na jua lote lile, zinajulikana kwa tatizo hili. Sisemi mtu abadilishe vazi lake. Kidonge kidogo kinamaliza suala hilo bila ugomvi na mtu.

Katika kazi hiyohiyo ya Mogire kuna jambo jingine la kutazama. Ukiweka mpaka wa upungufu kwenye nanomoli 50, wagonjwa ni theluthi moja ya watu. Ukiusogeza hadi 75, wanakuwa karibu asilimia 60. Hakuna aliyeugua kati ya mstari mmoja na mwingine. Kilichotembea ni kalamu. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema 50 zinatosha. Mwaka 2011 Jumuiya ya Wataalamu wa Homoni ya nchi hiyohiyo ikasema 75. Mwaka 2024 jumuiya hiyo ikaachana na mpaka wake wa 75, na ikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe kila mara. Maabara nyingi bado zinachapa mpaka wa zamani. Basi ukiona mshale wa kushuka kwenye karatasi yako, tazama kwanza kipimo kilichotumika: 20 kwa nanogramu ni sawa na 50 kwa nanomoli. Nimewahi kusikia mtu akilia kwa sababu alisoma moja akidhani ni nyingine.

Na lile jua la asubuhi? Akina bibi hupenda kuwatoa watoto saa moja asubuhi wapate vitamini. Hewa safi ni njema, lakini saa hiyo jua liko chini, miale yenyewe inapita hewani mbali sana na karibu yote inamezwa njiani. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi chochote cha maana. Kuanzia saa tatu au nne hivi, kivuli kikiwa kifupi, dakika chache mikononi na usoni mara kadhaa kwa wiki zinafanya kazi. Chakula nacho kina mchango: samaki wenye mafuta, ini, kiini cha yai. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hukupa na kalisi humohumo, na tukiwakumbuka wale panya wa Wisconsin, kalisi si jambo dogo.

Turudi kwenye ugumba wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba wakati fulani maishani. Katika uchunguzi wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 1985, zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wa Afrika waliochunguzwa ugumba walikuwa na tatizo linaloweza kutokana na maambukizi, hasa mirija iliyoharibika, wakati kwa dunia nzima ilikuwa karibu theluthi moja. Kisonono, klamidia, uchafu ulioingia baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa ovyo, kifua kikuu cha mji wa mimba. Hakuna kiasi cha vitamini D kinachozibua mrija. Kwa mirija iliyoziba ndipo IVF ilipozaliwa, Uingereza mwaka 1978, na ndiyo iliyotafutwa hapa kwetu, ambapo mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Kampala mwaka 2004 na wa Nairobi mwaka 2006. Tukizuia maambukizi kwa kondomu, kwa kutibu wenzi wote wawili na kwa leba safi, tutapunguza ugumba kuliko kwa mzigo wowote wa vidonge.

Halafu kuna wanaume, ambao katika mikutano kama hii hukaa karibu na mlango. Copenhagen, wanaume 330 wenye ugumba walipigiwa kura: wengine wakapewa vitamini D pamoja na kalisi kwa siku 150, wengine kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: ubora wa mbegu haukutofautiana. Miongoni mwa wale waliokuwa na mbegu chache, watoto walizaliwa zaidi upande wa vitamini, asilimia 35.6 kwa 18.3. Msikimbilie dukani. Ukiligawa kundi moja katika vikundi vingi, kimoja kitakupa habari njema kwa bahati tu, na ni ajabu mbegu zisibadilike halafu watoto waongezeke. Kinachonisumbua zaidi ni bwana ambaye mkewe amepigwa picha ya mirija, amepimwa homoni na hiyo vitamini D, naye hajatoa hata mara moja mbegu zipimwe. Kipimo hicho ni rahisi, hakimchomi sindano, na kingeliweza kuwa cha kwanza.

Sasa nifanyeje, mtaniuliza. Mwenye upungufu wa wazi, chini ya nanogramu 20, aujaze, kwa ajili ya mifupa yake na ya mtoto atakayembeba. Hiyo ni sababu tosha, isihitaji kuazima ahadi za IVF. Kiasi cha kawaida kwa mtu mzima, mjamzito akiwemo, ni yuniti 600 kwa siku. Daktari anaweza kupandisha kwa muda, ila bila usimamizi wake usivuke 4,000. Sindano na chupa za dozi kubwa zinazopigiwa debe mitandaoni ziacheni. Vitamini hii haitoki na mkojo kama ile C. Hujikusanya, ikapandisha kalisi ya damuni mpaka mtu anatapika, anakosa choo, ana kiu isiyokatika, na figo zinaota mawe. Mwenye kifua kikuu au aliyewahi kuwa na mawe ya figo amwambie daktari kwanza, kwa sababu chembe za kinga zinazopambana na kifua kikuu huinoa vitamini D zenyewe bila breki.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya ukumbi kutawanyika, ni la mwanamke aliyeambiwa aahirishe IVF mpaka vitamini D ipande. Dozi ya kila siku huchukua kama miezi mitatu kufikia kiwango chake kipya. Kwa mtu wa miaka 27 miezi mitatu si kitu. Kwa mtu wa miaka 39 ni tofauti: baada ya 35 mayai hupungua kwa wingi na kwa ubora, na kila mwaka huteremka kwa kasi zaidi kuliko uliotangulia. Kushuka huko kumethibitishwa katika kila kituo cha IVF duniani, wakati faida ya kungoja vitamini ilipimwa Milan isionekane. Kwa hiyo mama wa miaka 39, anza vidonge leo, na tarehe yako ya kuanza sindano za kukuza mayai iache ilivyopangwa.